Bilauri: Safari ya Jiwe, Pumzi na Neno Hadi Kirushya

Mwaka wangu wa kwanza katika shule ya bweni, mbali na Ngara, niliomba bwaloni "kirahuri" cha maji. Meza nzima ikacheka. Mwalimu wa zamu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinisahihisha mbele ya wenzangu: neno la Kiswahili ni "glasi", akasema, na hilo ulilolitamka ni kilugha. Niliketi na kiu yangu. Tangu siku ile nikajifunza kusema glasi, na kwa miaka mingi nikaamini kwamba neno nililotoka nalo nyumbani ni kosa la mtu wa bara, mojawapo ya yale makosa ambayo huyaonea haya kabla hatujachekwa.

Neno lile nililipokea kwa bibi yangu mzaa mama, aliyeolewa Kirushya kutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi. Katika nyumba yake vyombo vya kunywea vilikuwa vibuyu, na baadaye vikombe vya bati. Ikirahuri kilikuwa kimoja tu, cheupe, kisicho na ua wala mstari, na kilitoka kabatini alipokuja mgeni. Bibi alikisuuza mbele ya mgeni, akakijaza maji, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakitazama, ndipo akakikabidhi kwa mikono miwili. Sikumsikia hata siku moja akikisifu, na wala hakukipamba.

Ndugu wapenzi wa lugha, leo naomba tukitazame chombo hicho pamoja na jina lake. Nimekuja kuamini kwamba neno la bibi halikuwa kosa, na kwamba historia yake ni ndefu kuliko ya lile nililofundishwa bwaloni.

Jiwe lililotoka kwetu

Kamusi zetu zinalo neno "bilauri", kwa maana ya chombo cha kioo cha kunywea. Limeingia Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako billawr, au ballur, halikuwa kwanza jina la kioo. Lilikuwa jina la jiwe: ile kwazi angavu kama maji inayochimbwa ardhini, ambayo mafundi waliichonga vyombo na mapambo. Wanaisimu wengi huliunganisha neno hilo na berullos la Kigiriki, ambalo nalo lilitoka katika lugha za Bara Hindi. Shina hilohilo liliwapa Wajerumani neno lao la miwani, Brille, kwa kuwa lenzi za kale zilitengenezwa kwa mawe angavu.

Sasa tusikilize msomi mmoja wa karne ya 11, al-Biruni, aliyeandika kitabu kizima kuhusu madini na vito. Anaeleza kwamba bilauri ilikuwa ikipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, na huko ikachongwa vyombo. Zanj ni sisi: ndilo jina ambalo Waarabu na Waajemi waliipa pwani hii ya Afrika Mashariki na watu wake. Wanaakiolojia nao wameliunga mkono neno lake. Huko Dembeni, katika kisiwa cha Mayotte kwenye Visiwa vya Ngazija, wamefukua vipande vingi vya kwazi angavu katika mji uliostawi kati ya karne ya 9 na ya 12. Jiwe hilo lilitoka Madagaska, likapita katika mikono ya wafanyabiashara wa bahari yetu, likaelekea kaskazini.

Huko kaskazini lilithaminiwa kuliko dhahabu nyingi. Katika hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice lipo hadi leo birika lililochongwa katika pande moja la bilauri, lenye jina la khalifa al-Aziz wa Wafatimi, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 975 hadi 996. Fundi alikwangua jiwe kutoka ndani kupitia shingo nyembamba hadi kuta zikawa nyembamba mno, kisha akachonga simba juu yake. Sidai kwamba pande lile hasa lilipita katika bandari zetu. Nasema tu kwamba katika zama za birika lile, jina bilauri na pwani ya Zanj vilitajwa katika sentensi moja.

Kioo kilichoitwa jiwe

Wakati jiwe angavu lilipokuwa likitoka, kioo kilikuwa kimekwisha kuingia siku nyingi. Katika karne ya 1, nahodha au mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki, alituachia mwongozo wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi ambao wanahistoria huuita Periplus. Alipofika kwenye habari za pwani yetu, ambayo yeye aliiita Azania, alitaja bidhaa zilizoletwa: mikuki, mashoka, visu, na aina kadhaa za "mawe ya kioo", yaani shanga. Katika andiko la kale kabisa tulilonalo linaloieleza pwani hii, kioo tayari kimo, na kimeitwa jiwe.

Napenda kuzitazama safari hizo mbili kwa pamoja. Meli zilikuja na kioo kinachoitwa jiwe. Na karne kadhaa baadaye meli zikaondoka na jiwe ambalo jina lake lingekuja kuwa la kioo.

Kwa nini kioo kiliazima jina la jiwe? Kwa sababu kililitamani. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi au majivu, na chokaa, vikiyeyushwa katika tanuri kali. Lakini karibu kila mchanga una chuma kidogo ndani yake, na chuma hicho hukipa kioo rangi ya kijani au ya samawati. Kwa hiyo kioo cha kawaida, kikiachwa kilivyo, huwa na rangi. Kupata kioo kisicho na rangi ndiko kazi. Mafundi wa kale waligundua kwamba wakichagua mchanga safi na kuongeza antimoni au manganizi kwa kipimo, ile rangi hufifia. Pliny wa Roma, aliyefariki mwaka 79, anaeleza kwamba kioo kilichothaminiwa kuliko vyote ni kile kisicho na rangi, kinachokaribia kufanana na lile jiwe. Miaka elfu moja na mia kadhaa baadaye, katikati ya karne ya 15, mafundi wa Murano, kisiwa cha Venice, walifaulu kutengeneza kioo cheupe mno, na wao pia wakakipa jina la jiwe: cristallo. Venice ilifanya katika lugha yake kile kilichofanyika katika yetu.

Hapa pana funzo ambalo sisi watunzi huelekea kulisahau. Urahisi wa kioo cheupe hautokani na kukosa kitu. Rangi ndiyo inayokuja yenyewe, weupe hutafutwa. Anayekitazama chombo kisicho na pambo na kukiona cha kimaskini hajui ni kiasi gani kimeondolewa ili kiwe hivyo.

Pumzi ndani ya chombo

Kwa muda mrefu vyombo vya kioo vilitengenezwa kwa kukizungushia kioo laini kiini cha udongo, au kwa kukimimina katika kalibu. Vilikuwa vidogo, vizito, na ghali. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, katika nchi za Sham na Palestina, mafundi waligundua kwamba kioo kilichoyeyuka kinaweza kupulizwa. Jambo hilo lilibadilisha kila kitu. Kioo kikawa chembamba na chepesi, na bei yake ikashuka hadi watu wa kawaida wakakinywea.

Nimewahi kuitazama kazi hiyo kwa macho yangu. Mjini Arusha ipo karakana ya Shanga, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza vitu vingi kwa mikono yao, na vyombo vya kioo kutokana na chupa zilizotumika ni miongoni mwavyo. Kule Kenya, Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, familia ya msanii Nani Croze nayo imejenga jina kwa kazi ya kioo, na huko pia mabaki ya kioo huyeyushwa na kupulizwa upya.

Fundi huchovya bomba refu la chuma ndani ya tanuri na kulitoa na bonge linalong'aa kama kaa la moto. Halikai. Asipolizungusha bila kukoma, linadondoka kama asali. Huliviringisha juu ya bamba, huweka kinywa kwenye ncha ya bomba, hupuliza kidogo, na pale kwenye bonge panatokea uvungu. Hapulizi kwa nguvu kama nilivyodhani. Hupuliza kifupi, huzungusha, hurudisha motoni, hupuliza tena. Kisha bonge hushikwa kwa fimbo nyingine upande wa chini, hukatwa kutoka kwenye bomba, mdomo wake hupashwa moto na kupanuliwa, na chombo hugongwa kikaachana na fimbo. Mwisho huwekwa katika tanuri la kupozea, kipoe polepole kwa saa nyingi. Kikipoa haraka hupasuka, hata kama hakikuguswa na mtu.

Nilikishika kimoja. Chini, katikati, palikuwa na kovu dogo, pale ilipoachana fimbo, kama kitovu cha mtoto. Ndani ya ukuta wake kulikuwa na viputo viwili vya hewa. Mdomo haukuwa duara kamili. Nilipokiinua kwenye mwanga niliikumbuka bilauri ya bibi, na kwa uaminifu lazima niseme kwamba ile haikuwa na kovu. Ilikuwa na mistari miwili myembamba ubavuni, alama ya kalibu ya mashine. Ilitoka kiwandani, na huenda ilinunuliwa gulioni kwa bei ndogo. Lakini umbo lake, wembamba wake na uwazi wake ni urithi wa wale waliopuliza. Mashine haikubuni bilauri. Ilijifunza kuiga pumzi.

Namna kioo kilivyofika bara

Katika miji ya pwani, vyombo vya kioo vilijulikana mapema. Katika magofu ya Manda na Shanga huko Kenya, na Kilwa huku kwetu, wachimbaji wamekuta vigae vya chupa na vikombe vya kioo vilivyoletwa kutoka nchi za Kiislamu, pamoja na vigae vya kauri. Mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia marashi, umeendelea kuwa pambo la heshima katika harusi na maulidi. Mtu wa pwani aliyesoma Kurani alikutana na kioo humo pia: taa iliyo ndani ya kioo, vikombe vya peponi, na kile kisa cha malkia wa Sabaa aliyeingia katika jumba la Nabii Sulemani, akaidhani sakafu ya kioo kuwa maji, akapandisha nguo yake. Sisi husema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Yeye aliyavulia nguo maji yasiyokuwapo.

Bara kioo kilikuja kwa sura nyingine. Kilikuja kama ushanga. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora ilibeba mafurushi ya nguo, masongo ya waya, na ushanga ambao mwingi ulitengenezwa Venice. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kati ya 1857 na 1859, aliorodhesha majina yake, na kati ya hayo samesame, nyekundu nje na nyeupe ndani, ambayo ilipewa hata lakabu ya kuvunja miji kwa jinsi watu walivyoitamani. John Hanning Speke alipofika Usui mwaka 1861, yaani Rusubi, katika nchi ya Biharamulo ya leo, alicheleweshwa kwa siku nyingi na madai ya hongo ya mtawala Suwarora. Hongo wakati huo haikuwa rushwa. Ilikuwa ada ya njia, na mtawala alikuwa na haki nayo. Sehemu yake ililipwa kwa ushanga.

Hivyo basi kioo cha kwanza kukubaliwa kwa wingi katika nchi hii ya kati ya Ziwa Viktoria na mto Ruvubu kilikuwa kioo kisichoonyesha kitu. Samesame haina uwazi. Thamani yake ilikuwa rangi yake. Chombo cheupe cha kunywea kilikuja nyuma, pamoja na wachuuzi wa Kiswahili na Kiarabu, wamisionari, na Wajerumani waliojenga boma lao Biharamulo. Chupa, kioo cha taa, na bilauri.

Kosa langu lilikuwa nini?

Hapa narudi bwaloni. Msafiri wa pwani aliyefika ng'ambo ya Ruvubu au Kagera alikuja na chombo na jina lake: bilauri. Wasikilizaji wake walizungumza Kirundi, Kinyarwanda, na ndugu zao wa upande huu, Kihangaza na Kishubi. Katika ndimi hizo, kama katika Kiswahili, silabi ya mwanzo ya nomino huonyesha ngeli. Vitu vingi vya wingi huanza na ibi-, na umoja wake huanza na iki-, sawa na vi- na ki- zetu. Wakasikia "bilauri", wakaisikia bi-. Wakaona ni wingi. Basi vikiwa vingi wakaviita ibirahuri, na kimoja wakakiita ikirahuri, ambacho wengine hutamka ikirahure. L ikawa r, na h ikasimama kati ya irabu mbili ili kila moja ipate nafasi yake.

Je, huko ni kuharibu neno? Kama ni kuharibu, basi Kiswahili ndicho mharibifu mkuu. Waarabu walituletea kitab, ambamo ki ni sehemu ya shina. Tukaisikia ki-, tukaunda vitabu. Waingereza walituwekea kwenye mzunguko wa barabara agizo la kushika kushoto. Tukalifanya kiplefti, na madereva wetu huzungumzia vipilefti bila kusita. Hakuna anayelicheka neno vitabu. Bibi yangu alifanya na bilauri kile ambacho mabibi wa pwani walifanya na kitab. Alilipokea neno kama mgeni, akampa kiti, akampa na ukoo.

Na wakati huohuo, huku kwetu mashuleni na mijini, bilauri imeachiwa vitabu na watunzi. Anayeisema hotelini huonekana anajidai. Tumechukua glasi kutoka Kiingereza, na sina ugomvi nayo. Ni neno la kawaida na linafanya kazi yake. Ninachouliza ni hiki: tunaposema kwamba Kiswahili fasaha kina mwenyewe na mwenyewe yuko pwani, tunamweka wapi yule mwanamke wa Kirushya, ambaye kila siku alitamka neno la Kiswahili ambalo wenye Kiswahili tulikuwa tunaliacha? Mwalimu wangu aliniambia ni kilugha. Ilikuwa bilauri, imevaa nguo za nyumbani.

Chombo kinachojiondoa

Kabla ya ikirahuri, pombe ya ndizi ilinywewa kwa mrija kutoka chungu au kibuyu, na mara nyingi chombo kimoja kilizunguka kwa watu wengi. Kulikuwa na udugu katika jambo hilo ambao sitaki kuudharau. Lakini mnywaji hakuona alichokuwa anakunywa. Ndiyo maana mwenyeji alionja kwanza, ili mgeni apate imani. Bilauri haiondoi sumu, lakini huondoa kisingizio cha mwenyeji. Maji yakiwa na takataka, yataonekana. Yakiwa pungufu, yataonekana. Chombo chenyewe hakiongezi chochote. Hakiyapi maji rangi, harufu wala ladha. Nadhani ndiyo sababu bibi alikiinua kwenye mwanga kabla ya kukikabidhi. Hakuwa anakitazama chombo. Alikuwa anayatazama maji, kwa niaba ya mgeni.

Kiswahili kina neno moja, kioo, kwa vitu viwili: kile unachojitazamia, na kile unachotazamia vingine. Watunzi wengi, nami nikiwemo, huanza na kioo cha kwanza. Nilipokuwa kijana nilijaza beti zangu maneno ya kale niliyoyaokota kamusini, na bilauri likiwa mojawapo, ili msomaji anione mimi na elimu yangu. Zilikuwa samesame: nyekundu, zinazong'aa, zisizoonyesha kitu. Vina vilitimia na mizani ilitimia, lakini ukiuliza nilitaka kusema nini, ungeona uso wangu tu.

Sisemi ushairi uache mapambo. Lile birika la al-Aziz lina simba, na ni wazuri. Nasema kwamba utunzi wenye lugha nyepesi usidhaniwe kuwa umetungwa kwa wepesi. Rangi huja yenyewe katika mchanga, na maneno makubwa huja yenyewe katika kalamu. Kuyapunguza hadi maana ionekane ni kazi ya tanuri, ya pumzi iliyopimwa, na ya kusubiri kipoe. Na kovu la chini halina haja ya kufichwa. Ndilo ushahidi kwamba mtu alikuwepo.

Siku hizi nikienda Kirushya huomba maji kwa neno la bibi, na hakuna anayecheka. Nikiwa Dar es Salaam husema bilauri, na mhudumu akiniuliza ni nini, humweleza. Mara nyingi huniletea glasi. Huinua kwenye mwanga, nikatazama maji, nikanywa.